CHUMA KIBOVU UDONGONI: DETEKTERI INAPONYAMAZA, WEWE USILALE



Wewe unayetembea na detekteri katika ekipe ya kutafuta zahabu, na wewe unayeiazima siku ya pumziko ili kuwasaidia ndugu zako wachimbaji wa kijijini, ukurasa huu ni wenu ninyi wawili.

Kazi hiyo munaijua. Mashini inalia, jembe linashuka, jasho linatoka, na mwisho unatoa nini? Msumari. Unasogea hatua mbili, inalia tena: kifuniko cha chupa ya bia. Hatua nyingine tatu: kipande cha bati. Saa sita inafika, mikono imechoka, maji ya kunywa yamekwisha, nyuma yako kuna mashimo ishirini, na punje ya zahabu hata moja hakuna. Ndipo mwenzako anakuambia: «Zungusha kile kifungo cha kuchuja, mashini haitalia tena juu ya chuma.»

Maneno yake ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni hii: chuma ambacho mashini imeacha kukitaja bado kiko pale pale chini ya miguu yako. Na si kila chuma kilicho udongoni ni msumari.

Leo tutaeleza namna ya kupanga detekteri ili usipoteze nguvu bure kwa chuma kibovu. Tutaeleza pia kwa nini usiizibe masikio kabisa.

CHUMA HIKI KIMETOKA WAPI?

Katika Ituri zahabu ilionekana mwaka 1903. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Tangu siku hizo watu wengi wamepita, wamejenga kambi, wamehama, na kila mmoja ameacha kitu: misumari ya nyumba zilizooza, vipande vya reli ya vigari, nyaya, mabati, makopo, ncha za majembe zilizovunjika. Mahali palipo na zahabu ndipo watu walipokaa, na mahali watu walipokaa ndipo chuma kilipobaki. Basi usishangae kukuta vyote viwili pamoja.

Kisha vikaja vita. Vita vya mwaka 1996 na 1997, vita vya mwaka 1998 mpaka 2003, na mapigano mengine yaliyofuata, vyote viliacha chuma cha namna nyingine katika mashariki ya inchi yetu: maganda ya risasi, vipande vya mabomu, na mabomu mazima ambayo hayakupasuka. Chuma hicho kiko katika udongo ule ule, na mara nyingine hakina kina kirefu kuliko msumari.

MASHINI INASIKIA NAMNA GANI?

Ndani ya ile sahani unayoipitisha juu ya majani mna uzi wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme wa batteri unapita humo ukigeuka maelfu ya mara kila segonde, nao unatoa nguvu kama ya sumaku inayoshuka udongoni. Nguvu hiyo ikikuta kipande cha madini, inaamsha ndani yake umeme mdogo unaozunguka. Umeme huo mdogo nao unarudisha jibu juu, na sahani inalisikia.

Jibu linachelewa kidogo sana. Kuchelewa huko hakulingani kwa vitu vyote: kunafuata aina ya madini, ukubwa wake na umbo lake. Chuma kina tabia ya pekee, kwa sababu kinavutwa na sumaku, nacho hujibu kwa namna yake. Mashini inapima tofauti hiyo, na kwa njia hiyo inaweza kukuambia: «Hiki ni chuma.»

Lakini ujue vizuri, mashini haioni. Inasikia tu, na mwenye kusikia tu anaweza kudanganywa. Kuna udanganyifu wa namna nne:

Kwanza, punje ndogo ya zahabu hujibu karibu sawa na chuma. Ukifunga chuma sana, unafunga na zahabu yako.

Pili, chuma kipana na chembamba, ao chuma chenye umbo la pete, kinaweza kujibu kama madini mazuri. Kifuniko cha chupa na kifuniko cha kopo ni waongo wakubwa katika jambo hili.

Tatu, msumari ukilala karibu na zahabu, sauti ya msumari inafunika sauti ya zahabu. Mashini iliyofungwa inapita juu ya vyote viwili bila kusema neno.

Nne, kitu kilicho chini sana kinajibu kwa sauti iliyochanganyika na sauti ya udongo. Hapo mashini inaweza kuita zahabu chuma, na kuita chuma zahabu.

Zaidi ya hayo, mashini zenyewe si za aina moja. Kuna zile zinazotuma umeme kwa mapigo, zinazopendwa kwa sababu zinafika chini katika udongo mwekundu. Nyingi kati ya hizo zina nguvu, lakini hazijui vizuri kutenga chuma na madini mengine. Soma kitabu cha mashini yako, ao umwombe shefu wako akusomee, ujue umeshika ya aina gani.

KUPANGA MASHINI, HATUA KWA HATUA

1. Anza na udongo. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, na kuna mawe meusi mazito ambayo yenyewe yanaamsha sauti. Tafuta mahali pasipo na kitu. Inua sahani na kuishusha juu ya udongo, juu na chini, na ugeuze kifungo cha kulinganisha udongo mpaka sauti isibadilike sahani inaposhuka. Mashini nyingine zinafanya hivyo zenyewe, lakini hata hizo uzijaribu kwanza.

2. Kisha panga nguvu ya kusikia. Watu wengi wanaweka mwisho kabisa, wakifikiri nguvu nyingi ni zahabu nyingi. Sivyo. Karibu na waya za umeme, karibu na mashini za kazi na simu, nguvu nyingi inaleta makelele tu, na makelele yanakuchimbisha bure. Punguza mpaka mashini itulie. Heri kusikia kidogo na vizuri kuliko kusikia mengi yasiyo na maana. Simu yako izime ao iweke mbali na sahani.

3. Acha sauti ndogo ya daima. Mashini nyingi zina sauti nyembamba inayosikika wakati wote, kama mbu wa mbali. Usiizime. Punje ndogo haitalia kwa nguvu. Itaigeuza tu sauti hiyo kidogo.

4. Jaribu kwa vitu unavyovijua. Chukua msumari, kifuniko cha chupa, na kipande kidogo cha risasi, ile madini laini na nzito ambayo wavuvi wanafunga kwenye nyavu. Risasi hujibu karibu sawa na zahabu, kwa hiyo inafaa kwa kujaribu. Fukia kila kimoja peke yake, kwa kina cha kidole, mahali unapopajua kuwa ni safi. Anza kifungo cha kuchuja kikiwa katika sufuri. Pandisha kidogo kidogo mpaka sauti ya msumari ikatike. Kisha pita juu ya risasi. Kama nayo imenyamaza, umepita mpaka: rudisha nyuma. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni mbele ya kula, kwani risasi ni sumu mwilini.

5. Kama mashini yako ina sauti mbalimbali, usinyamazishe chuma. Kipe sauti nzito. Zahabu iseme kwa sauti ya juu, chuma kiseme kwa sauti ya chini. Namna hii huchimbi chuma bure, na bado unajua kwamba chuma kiko. Kati ya hatua zote saba, hii ndiyo tunayokuomba usiisahau.

6. Mahali penye takataka nyingi, tumia sahani ndogo. Sahani kubwa inasikia misumari mitano kwa mara moja na kukuchanganya akili. Sahani ndogo inasikia kimoja kimoja.

7. Ukihama mahali, anza tena. Udongo wa mtoni si udongo wa kilimani. Mashini iliyopangwa asubuhi bondeni inaweza kusema uongo saa nane juu ya mlima.

MBELE YA KUCHIMBA, SIKILIZA MARA TATU

Mashini imelia. Usikimbilie jembe. Pitisha sahani polepole, vidole viwili juu ya udongo, toka kushoto kwenda kuume. Kisha zunguka upande, upitishe kwa njia ya msalaba. Zahabu na risasi kwa kawaida zinasema namna moja pande zote. Msumari unasema vingine kwa urefu na vingine kwa upana: sauti inakatika, ao inakuwa mbili.

Mara ya tatu, inua sahani polepole. Sauti ya kitu kidogo inapotea upesi. Kama umeinua mpaka magotini na mashini bado inapiga kelele, kitu kilicho chini ni kikubwa. Punje ya zahabu haifanyi hivyo. Basi acha, usichimbe. Yafuatayo yanakuambia kwa nini.

CHUMA KISICHOKUWA MSUMARI

Gurnedi na bomu la chokaa vina mwili wa chuma. Mashini iliyofungwa chuma inaweza kupita juu yake kimya kabisa. Wewe unasikia hatua tatu mbele sauti nzuri, unapiga goti mahali pale ulipodhani ni pasafi, na unashusha jembe kwa nguvu zote. Huo ndio ubaya wa kufunga: unaanza kuamini kwamba kimya maana yake ni hakuna kitu.

Tena kuna ubaya mwingine. Kile kichwa cha bomu kinachoamsha moto mara nyingi kimefanywa kwa shaba ya manjano ao aluminiamu. Kwa hiyo bomu linaweza kulia kama madini mazuri, na kukuita ulichimbe.

Angalia watu wanaofanya kazi ya kutegua mabomu. Wao hawanyamazishi chuma. Kila sauti wanaifuata, hata kama ni ya msumari, kwani hawana ruhusa ya kukisia. Wamefundishwa, wamevaa nguo za kuwakinga, na wanakwangua udongo kwa upole toka upande. Wewe huna mafundisho hayo wala nguo hizo. Kazi yako ni kutambua, kuondoka na kusema.

Utatambuaje? Soma takataka yenyewe, kwani inaeleza habari za mahali. Misumari na makopo yanasema: hapa palikuwa kambi ya watu. Maganda ya risasi mengi yanasema: hapa watu walipigana. Ukitoa ganda la risasi la pili na la tatu mahali pamoja, usitafute la ine. Waulize wazee wa pale kama askari walikaa kilimani hapo, kama kulikuwa na mahandaki. Katika mwezi wa sita wa mwaka 2000, katika Kisangani, siku sita za mapigano ya majeshi ya Rwanda na Uganda ziliacha mabomu yasiyopasuka ndani ya muji. Si lazima mahali pawe porini ndipo pawe na hatari.

Ukikuta kitu unachodhani ni bomu, fanya hivi:

— Simama. Usikiguse, usikivute, usikifunike, usikitupie jiwe, usikichome moto.
— Rudi polepole kwa nyayo zako mwenyewe.
— Ukiwa mbali, weka alama inayoonekana njiani, na uwazuie wengine, zaidi sana watoto.
— Usipige simu wala redio ukiwa karibu nacho. Ondoka kwanza.
— Mwambie shefu wako, na kijijini mwambie chifu na polisi. Wao watawafikishia habari wenye kazi, yaani Kituo cha Kongo cha kupigana na mabomu ya kutegwa (CCLAM).

Neno moja kwa wale wanaouza chuma kwa kilo. Usichukue chuma usichokitambua, usikigonge kwa nyundo ili uone shaba iliyo ndani, na usimpe mtoto akibebe mpaka sokoni. Bei ya kilo moja ya chuma hainunui mkono wa mtoto.

NDANI YA KIWANJA CHA KAZI

Hata mahali ambapo vita havikupita, kuna chuma usichopaswa kukichimba. Waya kubwa za umeme zinazopita chini ya udongo mara nyingi zimevikwa chuma ili zisikatwe. Mabomba ya maji na ya mafuta mara nyingi ni ya chuma. Mashini iliyofungwa chuma inaweza kunyamaza juu yake, nawe ukashusha sururu juu ya umeme wenye nguvu ya kuua. Karibu na fabrika, karakana na nyumba za kambi, fungua kifungo cha kuchuja kabisa. Ukisikia sauti inayokwenda mbele moja kwa moja kama kamba, si zahabu. Simama, ukaulize ofisi ya umeme mbele ya kutia jembe.

BOTINI, MASIKIO NA NGOZI

Botini za kazi zina chuma kwenye vidole, na detekteri inazisikia. Kwa sababu hiyo wengine wanazivua na kutembea na sandale. Usifanye hivyo! Miguu yako haina vipuri katika magazini yoyote. Nyosha mkono wa mashini, peleka sahani mbele zaidi, usiirudishe mpaka kwenye vidole. Kama kazi ya detekteri ni kazi yako ya kila siku, uombe botini zenye kinga isiyo ya chuma: ziko.

Visikilizio vya masikioni vinasaidia kusikia punje ndogo, lakini vinakuzibia sauti ya kamio inayorudi nyuma, sauti ya mwenzako anayekuonya, na nyoka kwenye majani. Acha sikio moja wazi, na usifanye kazi hiyo peke yako. Mmoja asikilize udongo, mwenzake asikilize dunia.

Usitafute chuma kwa mikono mitupu katika udongo uliochimbwa. Vaa mifuko ya mikono ya ngozi, tumia mwiko, na upitishe sumaku juu ya udongo ulioutoa: msumari utajishika wenyewe.

Ukichomwa na msumari, usiseme «ni kidogo tu». Watu wengi wanafikiri kutu ndiyo inayoleta tetanosi. Hapana. Vijidudu vyake vinakaa udongoni na katika mavi ya nyama, na msumari unavipeleka ndani ya mwili, mahali ambapo hewa haifiki. Kidonda chembamba na kirefu, kisichotoa damu nyingi, ndicho cha kuogopwa zaidi. Osha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kisha uende dispansere siku ile ile, umwonyeshe munganga na karata yako ya chanjo. Ukingoja mpaka mataya yakaze, umechelewa sana.

MASHIMO

Wahenga walisema: mchimba kisima huingia mwenyewe. Shimo ulilolichimba kwa ajili ya kifuniko cha chupa litamngoja mwenzako wa zamu ya usiku, ao mbuzi wa jirani, ao mtoto anayekwenda mtoni. Mvua ikinyesha, maji yanasimama humo, na mbu wa malaria wanazaa. Chimba shimo dogo, toa kitu, rudisha udongo, kanyaga. Misumari na makopo uliyoyatoa usiyatupe nyuma yako, kwani kesho utayachimba tena: yatie katika mfuko na uyapeleke nje ya eneo.

Na usisahau sheria. Kodi ya Migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka mchimbaji wa mikono awe na karata yake na achimbe mahali palipowekwa kwa kazi hiyo. Mahali pa kampuni si mahali pa kujaribia mashini siku ya pumziko.

KUMBUKA

— Linganisha udongo kwanza, nguvu ya kusikia baadaye, chujio mwisho.
— Chuma kipe sauti nzito, usikinyamazishe.
— Sikiliza kwa msalaba, kisha inua sahani. Kitu kikubwa: acha.
— Maganda ya risasi mengi: ondoka.
— Sauti ndefu kama kamba: uliza ofisi ya umeme.
— Botini miguuni, sikio moja wazi, mwenzako karibu.
— Kidonda cha msumari: sabuni na dispansere siku ile ile.
— Kila shimo lirudishiwe udongo wake.

Zahabu imelala humo udongoni tangu zamani za zamani. Inaweza kungoja dakika mbili nyingine, wakati wewe unasikiliza vizuri.